Kanuni ya kompanyi inapimwa kwenye shimo

Kila kompanyi kubwa ya madini iko na karatasi ya kanuni zake. Imeandikwa vizuri: hatutoi rushwa, hatufanyi urafiki na wenye bunduki, tunaheshimu binadamu. Swali letu sisi watu wa shimo ni moja tu: karatasi ile inafika wapi?

Mukumbuke mambo ya Mongbwalu, kule Ituri. Mwezi wa sita 2005, shirika la Human Rights Watch lilisema kwamba AngloGold Ashanti, kompanyi ya Afrika Kusini iliyokuwa inatafuta zahabu kule, ilisaidia FNI, kundi lililoua raia. Kompanyi ilikubali kwamba watu wake walitoa dola 8,000 kwa kundi lile. Ilisema walilazimishwa, na kwamba kutoa vile ni kinyume cha kanuni zake. Kumbe kanuni zilikuwepo! Lakini zilikuwa kule ofisini Johannesburg, na aliyesimama mbele ya bunduki ni mfanyakazi wa Mongbwalu.

Njo maana kanuni yenye nguvu inaanzia chini. Kwanza, isemwe kwa luga ya watu: Kiswahili, Kinande. Pili, mwenye kukatala rushwa asipoteze kazi juu mazao yameshuka. Kama mukubwa wa shantie analipwa nyongeza kwa kilo tu, atafunga macho. Tatu, mwenye malalamiko awe na mlango mwengine, hapana ule wa shefu wake.

Na sisi je? Code minier ya 2018 inataka mchimbaji wa mkono awe ndani ya koperative. Basi kompanyi ni sisi wenyewe. Kama prezida wa koperative njo anashika mizani, njo anashika kitabu cha feza, tena njo anasikiliza malalamiko juu ya mizani ile ile, nani atasema?

Ndugu wachimbaji, mama zetu wenye kutwanga mawe, kwenye mkutano mukuu mudai jambo hili: watu watatu wasiokuwa kwenye komite, mmoja wao mwanamke, washike daftari ya malalamiko. Kila mwezi waisome mbele ya wote, na komite ijibu palepale. Mwenye kulalamika akifukuzwa kwenye shimo, kazi isimame mpaka arudishwe.

Bila hivyo, karatasi ya kanuni itabaki ya kufungia karanga.