Jicho la Kupigwa si Kichekesho cha Usiku wa Hina



Wiki mbili nyuma mtoto wa dada yangu alinijia na simu mkononi. Yeye na mashoga zake walikuwa wanaandaa kichekesho cha usiku wa hina: mke kaunguza pilau, mume kamtia ngumi, mke anatoka jikoni na jicho jeusi. "Mama mdogo, wewe si unapamba maharusi? Nipake hilo jicho."

Nikamwambia sipaki. Alininunia siku nzima.

Msidhani nachukia maigizo. Mapambo ya maigizo nayapenda, na mengi yanatoka jikoni. Damu ni shira, ile ile ya kaimati lakini nzito zaidi, na rangi nyekundu ya chakula, kisha chembe ya kakao ili isionekane kama juisi. Ngozi iliyochubuka ni gundi ya kope na tishu iliyochanwachanwa, tabaka juu ya tabaka; ikikauka unaipasua katikati kwa kijiti na kujaza rangi ndani. Kovu la moto ni jelatini ya unga iliyoyeyushwa kwa maji ya moto na glisirini kidogo, ikapoa hadi vuguvugu ndipo ikapakwa. Soma pakiti kwanza, kwani jelatini nyingi hutokana na nguruwe. Tafuta iliyoandikwa halali. Gundi ijaribu siku moja kabla, ndani ya kiwiko. Vyote viwe mbali na macho, na vibanduliwe kabla ya udhu maana maji hayapiti. Na wewe unayetaka kuchora kovu kwa piko ya rangi ya nywele, acha. Ile dawa ya PPD iliyomo inaweza kukubabua, na kovu la kuigiza likawa la kweli.

Sasa turudi kwenye jicho. Video nyingi za mtandaoni zimepigwa kwa ngozi nyeupe, kwa hiyo wasichana wetu wanajipaka wekundu na zambarau iliyokoza, wanaonekana wamepakwa jamu. Kwenye ngozi zetu damu iliyovilia ni kivuli: hudhurungi nzito inayoelekea weusi, zambarau kwa mbali, na ngozi inang'aa pale ilipovimba. Siku zikipita kingo zinaingia ukijani, halafu manjano hafifu ambayo ukiwa na haraka huioni.

Hayo sikuyajua kwenye video. Miaka michache iliyopita alinijia mwanamke kupambwa, anakwenda harusini kwa wifi yake. Alipovua mtandio nikaona chini ya jicho la kushoto. Akaniwahi kabla sijafungua mdomo: "Nimejigonga kabatini." Nikampaka rangi ya chungwa kwanza, maana ndiyo inayoua ubuluu, kisha fondesheni, kisha poda. Alitoka amependeza mashaallah. Alinilipa, akanishukuru, na mimi sikuuliza la pili. Ni kazi safi kuliko zote nilizowahi kufanya kwa mkono wangu, na hadi leo ndiyo ninayoijutia.

Kwa hiyo binti anaponiomba jicho la kuchekesha, mimi namfikiria yule. Usiku wa hina ukumbi umejaa kina mama, na huwezi kujua ni nani kati yao kaja na fondesheni tabaka tatu. Tukipiga vigelegele mke akitoka jikoni kavimba, yeye atajua siku ya kusema atapokewaje. Na bi harusi je? Amekaa hapo na hina mikononi, hawezi hata kujikuna, anafundwa kwamba ngumi kwa ajili ya pilau ni jambo la kucheka. Bi Aisha radhi za Allah ziwe juu yake amesimulia kwamba Mtume s.a.w. hakuwahi kumpiga mwanamke wala mtumishi kwa mkono wake. Hilo ndilo la kumfunda mwari.

Binti alinijibu kwamba maigizo yanaonyesha maisha yalivyo. Sawa. Basi yaonyeshwe yalivyo. Wakija na mchezo wa skuli ambamo mke anajipaka poda mbele ya kioo asubuhi ya siku ya tatu, na jirani anabisha hodi na kuuliza mara ya pili, nitampaka jicho hilo bure, na kivuli chake nitakiweka mahali pake sawasawa.

Mwisho tulikubaliana kuhusu bibi kizee, mama mkwe anayekagua jiko. Nilimwambia akunje uso, nikafuata mikunjo kwa rangi ya hudhurungi, nikaweka poda nyeupe kwenye matuta yake na kwenye nyusi. Pembeni mwa mdomo nikamvuta ngozi na kumpaka ute wa yai; ulipokauka nikaachia, ikajikunja yenyewe. Tukamtia kanga na bakora.

Aliingia ukumbini akitoa salamu kwa sauti ya kukwaruza. Bibi yake bi harusi, wa miaka themanini na ushei, akasogea mkekani kumpa nafasi, akasema, "Karibu dada, kaa hapa, wewe ni wa upande gani?"