Anakataa maji juu ya kuogopa choo

Bandugu wachimbaji, na mama zetu wa kamp, leo tuache kidogo maneno ya mishahara.

Mwenzetu moja wa hapa Kolwezi, mtu wa kutoboa mwamba, alianguka katikati ya posti ya mchana. Shefu akasema: "Huyu alikunywa pombe." Hapana. Tangu asubuhi hakukunywa kitu, hata maji. Ako na ugonjwa wa matumbo ambao waganga wanauita rektokoliti: utumbo mkubwa unavimba na kutoka vidonda, mtu anahara damu, unatulia miezi, kisha unarudi. Ndugu yake ni ugonjwa wa Crohn. Si kolera, na hauambukizi. Lakini choo cha kazini kiko mbali, na kila akitoka wanamuandika mvivu. Akaniambia: "Nikikunywa mayi, natoka. Nikitoka, banakata saa yangu."

Kosa liko hapo. Kutokunywa hakuzuii kuhara. Utumbo mkubwa unafyonza maji. Ukiwa na vidonda, maji yanatoka pamoja na chumvi ya mwili. Ongeza jasho la mgodi. Mkojo unakuwa na rangi ya chai, kichwa kinazunguka, misuli inakaza, na mwishowe figo zinaumia.

Siku ya kuhara, maji matupu hayatoshi. Nunua pakiti ya SRO kwenye famasi. Kama hakuna, chukua lita 1 ya maji yaliyochemshwa, vijiko 6 vidogo vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazishwa. Mama, usizidishe chumvi. Anywe kidogo kidogo siku nzima. Ya kubaki mwaga kesho yake. Pombe inakausha, hiyo mnaijua. Ila vidonge vya mgongo tunavyonunua barabarani, ibuprofeni na diklofenaki, vinaweza kuamsha ugonjwa huu na kuumiza figo zilizokauka. Na mtu anayeona damu chooni asimeze dawa ya amibe tena na tena: munganga aangalie utumbo. Akizimia, akikosa kukojoa au damu ikiwa nyingi, hospitali siku ile ile.

Sasa sisi madelege. Kodi ya kazi ya 2002 inamfunga mwajiri kulipia matunzo ya mfanyakazi, bibi na watoto. Vizuri. Lakini mbele ya direksyo tunaomba kofia, tunaomba buti. Nani aliomba choo? Mimi miaka yote sikuomba, niliona haya. Kikao kijacho naomba: choo karibu na kila sehemu ya kazi, maji safi, na mwenye karatasi ya munganga asikatwe saa. Nanyi wa ekipe yake, lile jina mlilomupa, muliache.

Amerudi kazini juma iliyopita na bidoni yake ya lita 2. Choo kingali kule kule.