Mwenye nyonga mbovu naye ana nafasi yake kwenye joging

KALAMU YA JUMAMOSI
Na Shaibu Kondo

Ukipita Barabara ya Kilwa alfajiri ya Jumamosi, upande wa Mbagala, utakutana nao: vijana kwa wazee, fulana za rangi moja zenye jina la klabu mgongoni, kiongozi wa nyimbo mbele na filimbi mdomoni, bodaboda mmoja nyuma akiwakinga na magari. Asiyewajua hudhani wanakimbia tu. Ndani ya klabu za joging za Dar es Salaam watu huzikana, hukopeshana, hutafutiana kazi, na wengine wameoana humohumo. Mtu alijiunga apunguze kitambi, baada ya muda unasikia ndiye mweka hazina.

Sasa nyonga ya mweka hazina huyo ianze kuuma. Wiki ya kwanza atapewa pole nyingi kwenye kundi la WhatsApp. Wiki ya tatu hakuna anayeuliza. Mbele kidogo amekuwa mwanachama wa kuchangia tu, jina lake linasikika panapotokea msiba. Kitambi kinarudi, presha iliyokuwa imetulia inaanza kupanda, na asubuhi za Jumamosi anazimalizia kitandani huku akisikia nyimbo za wenzake zikipita barabarani.

Nimekwishaona wengi wakipotea kwa njia hiyo, na nyonga yangu ya kulia imenifundisha kwa nini wanapotea. Klabu zetu zina aina mbili tu za wanachama: wanaokimbia na wanaopumzika. Aliye katikati, anayeweza kufanya mengi ila kukimbia ndiko kunakomshinda, hana pa kusimama. Nasema klabu ya namna hiyo ina upungufu, na kuurekebisha hakuhitaji hata michango.

Tuanze na nyonga yenyewe, maana kwetu kila kinachouma kati ya mbavu na goti huitwa kiuno. Swali la kwanza la mtaalamu wa fiziotherapia ni jepesi: weka kidole hapo panapouma. Anayeshika kinena, kule mbele paja linapokunjika, huenda tatizo lake liko ndani ya kiungo chenyewe, pale kichwa cha mfupa wa paja kinapozunguka ndani ya kikombe chake. Anayeshika ubavuni, juu ya ule mfupa uliochomoza unaomuuma akilalia upande huo, mara nyingi shida yake ni kano za misuli ya makalio. Anayeshika tako mara nyingi anatakiwa kuchunguzwa mgongo. Na wapo wanaolalamikia goti miezi mingi, goti linapigwa picha na kuonekana zima, kumbe mgonjwa ni nyonga.

Hao wa ubavuni ndio wengi kwenye klabu, hasa kina mama waliovuka miaka 40. Zamani madaktari walisema ni kifuko cha majimaji kilichovimba na kutibu kifuko. Siku hizi inajulikana kwamba kwa wengi wao kilichochoka ni kano. Tofauti hiyo si ya vitabuni tu, kwa sababu kano iliyochoka haiponi kwa kulala, na haipendi kubanwa dhidi ya mfupa. Kukaa mguu juu ya mguu kunaibana. Kusimama umeegemea mguu mmoja, kiuno umekitoa nje na mtoto umempakata ubavuni, kunaibana. Hata lile zoezi la kunyoosha viungo wanalolipenda viongozi wetu wa joging, la kupitisha mguu mmoja mbele ya mwingine na kuuinamisha mwili upande, kwa mwenye kano mbovu ni kumtonesha kidonda.

Uzito nao una hesabu zake. Watafiti wamewahi kuweka vipimo ndani ya nyonga za bandia na kukuta kwamba kutembea tu kawaida kunaikandamiza nyonga kwa nguvu ya mara mbili na nusu hadi tatu ya uzito wa mwili. Mtu wa kilo 80 kila hatua anaibebesha nyonga zaidi ya kilo 200, na hapo bado hajakimbia. Misuli ya makalio ndiyo inayoshika kiuno kisianguke upande. Ikilegea, kila hatua inalipiwa na kano pamoja na gegedu.

Hilo utaliona mwenyewe mbele ya kioo. Simama, inua mguu mmoja kidogo kama unayetaka kupanda ngazi, uangalie mkanda wa suruali. Kwa mwenye misuli imara mkanda unabaki sawa. Kwa mwenye misuli dhaifu, upande wa mguu ulioinuliwa unashuka, na mabega yanakimbilia upande wa pili kuokoa hali. Jaribio hilo nililifanya kwenye chumba cha fiziotherapia chenye kioo kirefu na kipande cha mkeka sakafuni. Mtaalamu, binti wa umri wa wanangu, alinishika kiuno kwa vidole viwili na kusema, "Baba, angalia mwenyewe." Mkanda ulikuwa umeshuka kushoto waziwazi. Ripoti nyingi za hospitali nimezisoma bila kuelewa kitu, hiyo ya mkanda niliielewa palepale.

Wenzetu wengi hawafiki kwenye kioo hicho. Njia yao inaanzia duka la dawa kwa diklofenaki, inapita kwa mchuaji na mafuta yake ya moto, inaishia kwenye sindano. Simlaumu mtu anayetaka kulala usiku. Ila diklofenaki ya kumeza kila siku bila daktari, hasa kwa mwenye presha, kisukari au vidonda vya tumbo, inaharibu figo na tumbo kimyakimya. Mchuaji anayekandamiza kwa kisigino cha mkono juu ya ule mfupa wa ubavuni anaibana kano ileile inayolia. Kuhusu sindano, upo utafiti mzuri wa Australia uliochapishwa mwaka 2018 katika jarida la BMJ. Wagonjwa 204 wenye kano mbovu za nyonga waligawanywa makundi matatu: wa mazoezi na maelekezo, wa sindano ya steroidi, na wa kusubiri tu. Baada ya wiki nane, waliosema wamepata nafuu ya kweli walikuwa asilimia 77 kwenye mazoezi, 58 kwenye sindano, na 29 kwa waliosubiri. Kusubiri, ambako ndiko tunakompeleka mwanachama wetu kwa neno "pumzika kwanza", kulishika mkia.

Mazoezi yenyewe hayana mbwembwe. Lala chali, kunja magoti, inua kiuno polepole na kukishusha polepole. Kaa kwenye kiti, inuka bila kushika kitu, kaa tena kwa kujizuia usidondoke. Panda ngazi moja na kushuka, goti lisiingie ndani. Tembea kwa upande ukutani kama unayepita kwenye korido nyembamba. Uzito unaongezwa taratibu, kwa wiki na miezi. Maumivu kidogo wakati wa zoezi wataalamu wengi huyakubali, mradi kesho yake asubuhi usiamke umezidiwa. Ukiamka umezidiwa, jana ulikata kubwa. Leo punguza, usiache.

Kwa pumzi na moyo, Mwenyezi Mungu ametupa bahari. Maji yakifika kiunoni yanabeba karibu nusu ya uzito wako, yakifika kifuani yanabeba zaidi. Kutembea ndani ya maji ya Coco Beach yakiwa yamejaa kiasi ni zoezi kamili, wala halihitaji ujue kuogelea, ila usiende peke yako na uangalie bamvua. Baiskeli nayo inafaa, lakini pandisha kiti. Kiti kikiwa chini paja linakunjwa mno na kinena kitakukumbusha.

Halafu kuna mambo ya nyumbani ambayo daktari hana muda wa kuyasema. Mto katikati ya magoti unapolala ubavu. Soksi uvae umekaa kitandani. Kupanda daladala utangulize mguu mzima, kushuka utangulize unaouma, na konda akipiga kelele mwache apige. Mbuzi ya kukunia nazi ipumzike au apewe kijana. Msikitini viti vya nyuma vimewekwa kwa ajili ya watu kama sisi, na sheria imeruhusu. Kujilazimisha sijda huku unang'ata meno si uchamungu.

Fimbo nayo inatuaibisha bure. Wanaume wa pwani tunaiona bakora ni heshima mkononi mwa babu na fedheha mkononi mwa mtu wa miaka 50. Ichukue, ila uishike mkono wa upande wa pili wa nyonga mbovu. Nyonga ya kulia inauma, bakora mkono wa kushoto. Hapo ndipo inapoipunguzia misuli kazi. Wengi mitaani wanaishika upande uleule unaouma, na faida yake kubwa wanaikosa.

Kuna wanaoniuliza kuhusu Andy Murray, yule Mskoti wa tenisi. Januari 2019 mjini Melbourne aliwaambia waandishi, machozi yakimtoka, kwamba hata kuvaa soksi na viatu kunamuuma. Mwezi huohuo alipasuliwa London na nyonga yake ikavikwa chuma. Oktoba mwaka huohuo akachukua ubingwa wa Antwerp, Ubelgiji, akimshinda Stan Wawrinka fainali, na aliendelea kucheza hadi Olimpiki ya Paris 2024. Watu wanaitaja habari hii kama sifa ya chuma. Mimi naiangalia miezi iliyopita kati ya Januari na Oktoba, ya mtu mwenye kikosi kizima cha wataalamu anayejifunza upya kusimama kwa mguu mmoja. Hapa kwetu Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, inabadilisha nyonga, na kwa kiungo kilichokwisha kabisa upasuaji huo unarudisha maisha. Lakini hata huko, kesho yake kitandani anakuja mtu wa fiziotherapia na kusema, "Inuka."

Lazima niseme pia nani asiguse mazoezi kabla ya kuonwa na daktari. Mzee aliyeanguka akashindwa kukanyaga, mguu ukaonekana mfupi na umegeukia nje, huyo amevunjika, asichuliwe. Mtoto anayechechemea. Mwenye homa pamoja na maumivu ya nyonga. Mkimbiaji ambaye kinena kinamchoma kila akitua mguu, kwa sababu shingo ya mfupa wa paja huweza kupata ufa mdogo na siku moja ikakatika. Na kijana mwenye seli mundu: kichwa cha mfupa wake wa paja kinaweza kukosa damu na kufa polepole, na picha ya kawaida mwanzoni isionyeshe kitu. Kijana huyo akisema nyonga inamuuma, asiambiwe akomae.

Wengine wataichukua makala hii kwenda kuwaambia wake zao kwamba joging inaua nyonga. Haiui. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliotoka mwaka 2017 uliwakuta na usagikaji wa nyonga au goti asilimia 3.5 tu ya wakimbiaji wa kujifurahisha, wakati kwa wasiokimbia ilikuwa 10.2. Waliozidi ni wale wa mashindano makubwa, 13.3. Sisi wa Barabara ya Kilwa hatumo kwenye kundi hilo la mwisho, hata tukijidanganya vipi.

Mwishoni mwa 2016 Serikali iliitenga Jumamosi ya pili ya kila mwezi kuwa ya mazoezi, na Samia Suluhu Hassan, wakati huo Makamu wa Rais, ndiye aliyetangaza. Shirika la Afya Duniani nalo linamtaka mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, na siku mbili za kujenga misuli. Hakuna mahali liliposema lazima ukimbie. Kutembea kwa haraka kumo, maji yamo, baiskeli imo.

Kwa hiyo nina ombi kwa viongozi wa klabu. Kabla ya filimbi, ulizeni nani ana maumivu, na mumsikilize bila kumtania. Wekeni mstari wa pili, wa watembeao, wenye kiongozi wake na nyimbo zake, unaoanza na kumaliza saa ileile na wakimbiaji. Tengeni robo saa ya kujenga misuli ya makalio na mapaja kwa wote, wazima wakiwemo, kabla ya kupiga picha ya pamoja. Hospitali ya karibu ikiwa na mtu wa fiziotherapia, mwombeni aje Jumamosi moja awaonyeshe. Wengi wao watakuja kwa nauli na supu. Na yule mweka hazina aliyepotea, mpigieni simu leo, mwambieni Jumamosi aje na raba zake.