Kikao cha titi langu, mwenyewe sikualikwa

Nimefundisha baiolojia zaidi ya miaka 30, mingi katika sekondari ya misheni kule bara. Mtoto wa Kiarabu, mtandio kichwani, mbele ya wasichana wa kila dini, nachora ubaoni mirija ya maziwa na kuitaja bila haya. Leo nina miaka 64, niko Maskati kwa mwanangu, na mirija hiyohiyo ndiyo iliyonitia mtihanini.

Sikuwa na uvimbe wala maumivu. Picha ya matiti ilionyesha vidoa vya chokaa, vingi, vimetawanyika. Wakachukua kinyama, wakapima: saratani, lakini bado imo ndani ya mirija, haijatoka. Daktari akaniambia ikikutwa hapo, walio wengi sana hupona. Ingekuwa sehemu moja ndogo, angekata kipande tu kisha mionzi. Kwa kuwa imeenea, titi lote liondoke. Halafu akauliza: "Mama, unataka tukutengenezee jingine?"

Swali niliulizwa mimi. Jawabu limetolewa na ukoo.

Kaka yangu wa London, wanangu wa hapa na Dubai, shemeji wa Mombasa, wote wamefanya kikao kwenye simu zao. Mmoja kasema bi mkubwa umri huu titi la nini. Mwingine, ati ni kubadilisha maumbile ya Mungu. Wa tatu, watu wasijue, posa za wajukuu zitaharibika. Hakuna aliyeandika neno saratani. Ni "yale maradhi" tu. Mjukuu wangu ndiye aliyenionyesha.

Basi nisahihishe daftari moja moja.

La umri: nguo navaa mimi, na kioo cha asubuhi ni changu. Yuko atakayetosheka na titi la bandia la kutia ndani ya sidiria, yuko atakayebaki bapa na roho yake ikatulia. Wote sawa, maadamu wamechagua wenyewe.

La dini: Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu lilipokutana Putrajaya, Malaysia, mwaka 2007, liliruhusu kurudishiwa titi aliyekatwa. Kuziba pengo la ugonjwa si kujitafutia umbo jipya.

La posa ndilo lililoniuma. Daktari aliponiuliza nani kwenye ukoo aliwahi kuugua, sikuwa na la kumwambia. Shangazi yangu alikufa na "kidonda cha kifua", mlango umefungwa, sisi watoto tumetolewa nje. Saratani nyingi za matiti si za kurithi, lakini zilizo za kurithi hupita hata upande wa baba. Tukificha, tunawanyima binti zetu habari ya miili yao wenyewe. Mchumba atakayekimbia kwa hilo, akimbie mapema.

Sisemi kutengenezewa ni jambo jepesi. Wakitumia nyama ya tumbo, ni upasuaji wa saa nyingi na kovu la pili tumboni. Wakitia silikoni, huenda ikahitaji kubadilishwa baadaye. Na titi jipya kwa kawaida halina hisia kama la zamani. Isitoshe mimi nina sukari, kidonda changu chaweza kuchelewa kupona. Haya nimeyauliza mwenyewe, nikayaandika, nikarudi kuuliza tena.

Nimeamua: litolewe sasa, la kutengenezwa lisubiri mpaka sukari yangu ikae sawa. Daktari amesema yawezekana hata baada ya miaka. Ikifika siku hiyo nikaona sitaki tena, nitasema sitaki.

Wanangu, nawapenda, na najua hofu ndiyo iliyowakusanya. Lakini mkutano ujao niiteni. Na nyinyi kina mama mnaosoma haya, nendeni mkapimwe hata kama hamsikii kitu. Mimi sikusikia kitu.

Upasuaji ni Jumapili. Niombeeni dua, na mkiniombea, litajeni kwa jina lake.