Mkuu Mpya wa Wahitimu: Tusiletewe Mtu wa Bakuli

Najua wengi mko kwenye vimbweta mnasubiri UE, na wengine mnasubiri bumu. Lakini kuna tangazo limebandikwa pale utawala, watu wanalipita kama vile ni la mnada wa viti chakavu. Chuo kinatafuta mkuu mpya wa kitengo cha uhusiano na wahitimu. Aliyekuwepo kastaafu.

Nimelisoma lote mpaka chini. Wanataka mtu mwenye shahada ya uzamili, uzoefu wa kutafuta fedha, na uwezo wa kuandaa hafla. Hafla! Sijaona sehemu inayotaja mwanafunzi, wala inayouliza kama mwombaji anajua wahitimu wetu wako wapi.

Mtasema sisi bado hatujamaliza, inatuhusu nini? Jamani, inatuhusu kuliko tunavyodhani. Kila mwaka tunahangaika na nafasi za fildi. Mtu anazunguka na barua yake ya utambulisho ofisi kumi na mbili, mapokezi wanamwambia nafasi zimejaa, kumbe ghorofa ya juu yake kakaa kaka aliyelala hosteli ileile, pengine kitanda kilekile. Hakuna aliyewakutanisha. Hiyo ndiyo kazi ya kile kitengo, na kwa miaka mitatu niliyokaa hapa sijawahi kukutana na mtu aliyesaidiwa nacho.

Mhitimu wa hapa kwetu anakumbukwa kukiwa na mchango tu. Mnawajua wale washikaji mliopotezana tangu fomu foo, halafu siku moja simu inalia: "Mambo vipi ndugu yangu, umepotea sana!" Kabla hujajibu, kadi ya harusi imeshaingia WhatsApp na namba ya kutuma mchango chini. Basi chuo nacho ndivyo kinavyofanya. Dada mmoja aliyemaliza kabla yetu anafundisha sekondari huko Ruvuma. Alipanda basi mpaka Dar kufuata transkripti, akaambiwa mhusika yuko kikaoni, rudi keshokutwa. Akalala kwa shangazi yake siku mbili. Mwezi uleule akapata ujumbe: Mpendwa mhitimu, changia ukumbi. Alinisimulia huku anacheka, ila ile namba ya mchango aliifuta.

Na huyo mwalimu ana mkopo. Tangu sheria ya Bodi ya Mikopo iliporekebishwa mwaka 2016, makato ni asilimia 15 ya mshahara wa msingi. Sisemi mkopo usilipwe, tutalipa wote. Nasema mtu anayeanza maisha, mshahara umeshakatwa, halafu wa kwanza kumpigia simu awe chuo chake na bakuli mkononi, unategemea nini?

Watu wa utawala wanapenda kutuambia wenzetu Marekani wahitimu wanachangia mabilioni. Ni kweli. Ila wasimulie na mwanzo wake. Chama cha wahitimu cha zamani kuliko vyote kule ni cha Williams College, kilianzishwa 1821. Mkuu wa chuo alikuwa ameondoka na baadhi ya wanafunzi kwenda kuanzisha chuo kingine, Amherst, na watu wakawa wanasema Williams inakufa. Waliosoma pale wakajikusanya ili isife. Yale nao walianzisha mfuko wao wa kuchangia kila mwaka mnamo 1890. Hesabu wenyewe miaka iliyopita hapo katikati. Bakuli lilikuta watu wameshakaa pamoja.

Kingine kinachonikera ni kuhesabu marais. Ukienda kwenye mahafali yoyote, hotuba ni waheshimiwa waliopita hapa. Mlimani wana Museveni na Kikwete, Makerere wana Mkapa na Kibaki, sawa, ni heshima. Ila wakati Kikwete anamaliza mwaka 1975 alikuwa kijana kama sisi tu, hakuna aliyejua atakuwa rais 2005. Ukisubiri mtu awe mheshimiwa ndipo umtafute, umeshachelewa, mlangoni kwake kuna foleni ya wenye bakuli. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza 1961 na wanafunzi 14 wa sheria, kwenye jengo la TANU mtaa wa Lumumba. Watu 14 unaweza kuwajua mpaka majina ya wadogo zao. Sisi leo ni maelfu, kwa hiyo bila ofisi inayoandika nani kaenda wapi, tunapotea siku tunayorudisha joho.

Mapenzi yapo, msinielewe vibaya. Jengo kuu la Makerere lilipoungua Septemba 2020, watu waliomaliza miaka mingi nyuma waliomboleza mitandaoni kama wamefiwa. Hakuna aliyewalipa. Kazi ya ofisi ni kujua watu hao wako wapi kabla jengo halijaungua.

Sasa, tetesi za korido zinataja watu wawili. Mmoja ni profesa anayekaribia kustaafu, anatafutiwa pa kupumzikia. Wa pili anatoka benki, mtu wa masoko, suti kali. Huyo wa benki simbezi, hela chuo kinahitaji kweli, kila mtu anajua ukumbi unavuja. Lakini mimi ningempa mtu wa ofisi ya usajili. Kuna mama pale dirishani anakumbuka sura za watu waliomaliza miaka kumi nyuma, na faili lako analitoa bila kufungua kompyuta. Hajui kuongea na mawaziri? Apewe msaidizi wa kuongea na mawaziri. Na ajifunze Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, maana namba za wahitimu si karanga za kugawia kila kampuni inayouza viwanja.

Usaili ni wiki ijayo, na serikali yetu ya wanafunzi imeambiwa ipeleke mjumbe mmoja. Nimemwomba rais wetu mjumbe huyo aulize maswali mawili. La kwanza, ukianza kazi Jumatatu, mhitimu wa kwanza utakayempigia ni nani na utamwambia nini? La pili, mwalimu wa Ruvuma atapataje transkripti bila kupanda basi? Kanijibu kwamba mjumbe bado hajapatikana kwa sababu usaili umegongana na test. Kama kuna mtu wa mwaka wa pili ambaye siku hiyo hana test, amtafute rais kabla ya Ijumaa.