Umepumzika kazi, usiizike ndoto yako



Mwezi uliopita nilikuwa nimekaa kwenye benchi nje ya kanisa, baada ya mafundisho ya akina mama, akanijia mama mmoja kijana. Pacha mmoja alikuwa mgongoni, mwingine mkononi. Alikuwa karani katika ofisi fulani, akaacha kazi ili awalee watoto mpaka wapate nguvu. Akaniambia, "Dada nesi, kazini nilikuwa na meza yangu na jina langu. Sasa mtu akiniuliza ninafanya nini, nakosa jibu." Machozi yakamlenga.

Sikumjibu haraka, kwa sababu maneno kama hayo niliyasema mimi mwenyewe mwaka 2014.

Mwaka huo niliacha kazi ya wodini. Mtoto wetu wa tatu alizaliwa kabla ya miezi kutimia, na muda mfupi baadaye mama mkwe alipata kiharusi akaletwa kwetu kuuguzwa. Mimi na mume wangu tulikaa, tukapiga hesabu, tukaona mshahara wangu ungeishia kwa wasaidizi wa nyumbani na nauli. Tukapatana kwamba nikae nyumbani miaka miwili. Hakuna aliyenilazimisha. Hata hivyo, nilikubali kwa mdomo tu, moyo ulibaki wodini.

Mwaka wa kwanza niliupoteza kwa manung'uniko. Nilipowaona wenzangu wakipita na sare zao kwenda zamu, nilifunga dirisha. Mume aliporudi jioni alinikuta nimenuna. Siku moja aliuliza, bila ubaya wowote, "Leo umeshinda ukifanya nini?" Nilimjibu maneno ambayo mpaka leo nikiyakumbuka naona haya.

Ndipo mama mmoja mzee wa jumuiya yetu, aliyekuwa akija kumwona mgonjwa, akaniita uani. Akauliza, "Mwanangu, kabla hujawa nesi, na kabla hujawa mama wa mtu, ulikuwa unapenda nini?" Nikajibu bila kufikiri, "Kupiga kinanda." Kisha nikacheka. Mama wa watoto watatu, mwenye mgonjwa ndani, kinanda cha nini? Yeye hakucheka.

Tangu nikiwa binti kwaya niliwatazama wapiga kinanda kwa tamaa. Niliweza kusoma nota za do, re, mi kama wanakwaya wengi, lakini kinanda chenyewe sikuwahi kukigusa. Shule ikaja, chuo cha uuguzi kikaja, ndoa ikaja, zamu za usiku zikaja. Ndoto ile ikakaa chini kabisa ya sanduku.

Nilipomweleza mume wangu, alisema, "Mama watoto, kinanda kitatuletea unga?" Lilikuwa swali la haki, maana tulikuwa tunaishi kwa mshahara mmoja. Nilinyamaza. Aliyejibu ni mama mkwe kutoka kitandani, kwa ulimi uleule mzito wa kiharusi: "Mwache ajifunze. Mimi sikujifunza kitu." Sisi sote tukakaa kimya. Mwanamke aliyezaa na kulea watoto wengi, akalima maisha yake yote, naye alikuwa na jambo lake ambalo hakulipata. Hatukuwahi kumuuliza ni lipi.

Tukapatana upya. Jumanne na Ijumaa, saa tisa mpaka saa kumi alasiri, shemeji yangu alikaa na mgonjwa, nami nikaenda kanisani kwa mwalimu wa kwaya, mtoto akilala juu ya kanga kwenye benchi la mbele. Nyumbani nilichora vibonye vya kinanda kwenye kipande cha boksi, nikafanya mazoezi ya vidole juu ya meza wakati maharage yanachemka.

Mama mwenzangu, saa mbili kwa juma hazikunifanya mpigaji hodari. Mpaka leo napiga ibada moja kwa mwezi, na kuna nyimbo ambazo sizigusi. Lakini nyumba yetu ilibadilika. Mume wangu akiuliza nimeshindaje, nilikuwa na la kusimulia. Hata kumgeuza mgonjwa na kumwosha, kazi niliyoifanya kwa kinyongo, nikaanza kuifanya huku nikiimba mapigo. Ndoto ile haikutuletea unga. Ilimrudishia baba watoto mke wake.

Kwa kuwa wengi mko katika hali hiyo, acheni niseme machache niliyojifunza.

Mwili kwanza

Kama umepumzika kwa sababu ya uzazi, usijipangie lolote katika majuma 6 ya mwanzo. Mtoto mchanga hunyonya mara 8 hadi 12 kwa siku, usiku na mchana, na mwili wako nao unajijenga upya. Yatosha kula, kulala na kunyonyesha. Na kama huzuni, kukosa usingizi hata mtoto akiwa amelala, au kutojali mtoto vinadumu zaidi ya majuma mawili, usiseme ni uvivu au upungufu wa imani. Ni ugonjwa unaotibika. Nenda kliniki ukaeleze. Kama unawaza kujidhuru au kumdhuru mtoto, nenda siku hiyohiyo, usiende peke yako.

Fahamu haki yako pia. Kwa Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mama mwajiriwa likizo ya uzazi yenye malipo ya siku 84, na siku 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja. Akirudi kazini, anastahili kupewa muda wa kunyonyesha usiozidi saa mbili kwa siku. Wako akina mama wanaoacha kazi kwa kutojua hayo tu.

Chagua jambo moja

Mwanamke akipata nafasi hutaka kushona, kufuga, kusoma na kuimba kwa mpigo. Mwisho wa mwezi hana hata moja, ila uchovu. Chagua moja linaloingia katika saa ulizonazo. Jirani yangu mmoja alikuwa ameacha shule kidato cha pili kwa sababu ya mimba. Alipokaa nyumbani na mtoto wake wa mwisho, aliamua kusoma tu. Wasiomaliza kidato cha nne wana njia yao: hufanya kwanza Mtihani wa Maarifa, kisha hujiandikisha kufanya mtihani wa kidato cha nne kama watahiniwa wa kujitegemea. Alisoma usiku, watoto wakiwa wamelala. Hesabu zilimshinda mara ya kwanza na mara ya pili. Lakini cheti alikipata, na siku aliyokileta nyumbani, binti yake wa darasa la sita alikibeba akakionyesha mtaa mzima.

Usianze kwa mkopo

Hili nalisema kwa uchungu. Mama mmoja ninayemfahamu alichukua mkopo ule unaoitwa kausha damu, akanunua vifaranga mia moja huku ananyonyesha. Hakuwa na muda wa kufuatilia chanjo. Mdondo ukaingia bandani, na katika juma moja akazika karibu wote. Deni halikufa pamoja na kuku. Wenye kudai walikuja wakachukua kitanda na televisheni mbele ya watoto. Kama ndoto yako ni kufuga, anza na kuku kumi, uwachanje mapema kama bwana mifugo anavyoelekeza, ujifunze kwa hao. Haba na haba hujaza kibaba. Wakati nyumba inaishi kwa mshahara mmoja si wakati wa kubahatisha kwa fedha za watu.

Patana na mwenzako, tena waziwazi

Usiibe saa zako kwa siri kama mwizi. Mweleze baba wa nyumba ni siku gani, saa ngapi, nani atabaki na watoto, na itagharimu kiasi gani. Akisema hapana, muulize anaogopa nini. Mume wangu aliogopa njaa, na alipoona kuwa chakula hakikupungua, yeye ndiye aliyekuwa akinikumbusha, "Leo si Ijumaa?" Nawe umwulize yeye kuhusu ndoto yake. Huenda naye anayo iliyo chini ya sanduku.

Linda vyeti vyako

Hapa mimi nilikosea, na kosa ni langu peke yangu. Kwa miaka yote miwili sikuihuisha leseni yangu ya uuguzi. Nilidhani nikiwa nyumbani haina kazi. Nilipotaka kurudi, nafasi ilikuwepo, lakini karatasi zangu zilikuwa zimepitwa. Nikahangaika huku na huko, na nafasi ile akapata mwingine. Nilisubiri miezi mingine saba. Kwa hiyo, kama wewe ni muuguzi, mwalimu au fundi mwenye cheti, uliza mapema taaluma yako inadai nini kwa mtu aliye nje ya kazi. Weka vyeti mahali pakavu, na usikate mawasiliano na wenzako wa kazini. Mpigie simu mmoja wao kila mwezi, hata kama ni kumsalimu tu.

Wapo watakaokuambia kwamba mama mwema hana haja yake mwenyewe. Someni tena habari za yule mke mwema wa Mithali sura ya 31. Alilisha nyumba yake, ni kweli, lakini pia alitazama shamba, akalinunua, akapanda mizabibu. Mumewe hakumwonea aibu, wala watoto wake.

Mama mkwe alifariki mwaka 2016. Katika maziko yake mimi ndiye niliyepiga kinanda. Nilikosea mahali pawili, na sidhani kama kuna aliyejali. Nilichosikitikia njiani tukirudi makaburini ni kwamba sikupata kumuuliza, alipokuwa angali anaweza kusema, yeye alitaka kujifunza nini.

Yule mama wa mapacha nilimuuliza swali lile nililoulizwa mimi uani. Alikaa kimya kitambo, kisha akasema alikuwa akipenda kuchora. Nilimwambia aje Alhamisi ijayo na daftari na penseli, watoto nitawashika mimi.

Nawe, mama mwenzangu, ulikuwa unapenda nini? Na mama yako, au mama mkwe, umewahi kumuuliza?

Tukutane mwezi ujao, Mungu akipenda.