Njia ya Kivu isimezwe na lami

Njia ya Kongo-Nile nchini Rwanda, yenye urefu wa kilomita 227 kutoka Rubavu hadi Rusizi kandokando ya Ziwa Kivu, huwachukua waendao kwa miguu siku kumi hivi. Wenye baiskeli huimaliza kwa nusu ya muda huo, na ni hao tunaowatetea leo.

Vilima vya huko havina huruma, na tope la masika ni balaa kwa mnyororo. Basi mwendesha baiskeli hana budi kusimama. Kinunu ataona kahawa ikioshwa. Karongi atakula samaki wadogo waitwao sambaza, wa kukaanga. Pancha ikimpata, atamtafuta fundi wa kijijini, yule anayeishi kwa kutengeneza baiskeli za wabeba ndizi. Fedha ya msafiri inabaki papo hapo. Wala lugha haitamsumbua sana msafiri wa Nairobi au Mwanza: mji wa Goma unaozungumza Kiswahili uko jirani, na Kiswahili ni lugha rasmi ya Rwanda tangu 2017.

Barabara ya lami ya Rubavu hadi Rusizi imewafaa wakulima na wagonjwa, na hatuibezi. Lakini pia inamwezesha mgeni kuvipita vitongoji hivyo bila hata kushusha kioo cha gari. Wilaya husika zitunze vipande vya udongo vilivyosalia, ziweke vibao vinavyosomeka kwenye njia panda, na ziwasikilize mafundi na wenye vibanda kabla ya kuwasikiliza mawakala wa utalii walioko Kigali.